Mpini wa Vidole Vitatu

Kazi yangu ni mipini. Visu vya wachinjaji, majambia ya watu wa kusini, bakora za wazee, mashoka, hata vishikio vya mabirika vikiungua. Skuli nilikaa kidogo nikatoka, na kuandika huku nilijifunza ukubwani, kwa barua za mama na baadaye kwa simu. Karakana yangu iko Kandara, Jeddah, chumba kimoja chini ya nyumba ya kupangisha. Nimeipata kwa mikono hii. Hakuna aliyenishika mkono, na nalisema hilo kwa sababu watu hupenda kudhani lazima yuko mtu.

Hapa nieleze kazi moja tu, ya bastola, maana imehadithiwa vibaya kwenye harusi za watu wetu, Riyadh na Jeddah. Wengine husema niliuza silaha. Sikuuza kitu. Nilichonga mbao.

Aliyeniita ni mzee wa kwetu Unguja. Familia yake na yangu zilikuja huku baada ya mapinduzi. Wao walikwenda Riyadh, wakapata uraia, akafungua duka la dhahabu. Sisi tulibaki Jeddah, na baba yangu aliona mambo ya uraia ni usumbufu tu, ndiyo maana mimi mpaka leo natembea na ikama, kibali cha ukaazi, chenye jina la kafili, mdhamini wangu. Kwa umri tunalingana. Alinipigia simu wakati wa baridi.

"Wewe bado unachonga?"

"Bado napumua."

"Basi panda basi uje. Nina kitu hakiwezi kuja kwako."

Nilimkuta kwenye majilisi yake, chumba cha wageni, amevaa kanzu ya sufu ya kijivu na koti juu yake, hita iko miguuni. Mwanawe mkubwa alikuwa amekaa pembeni na simu yake. Mwanamke wa Kikenya anayefanya kazi nyumba ile na kulala hapohapo alileta kahawa, akanimiminia kwanza mimi mgeni. Mzee akangoja atoke, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu na kuvuta. Kanzu ikapanda mpaka gotini. Akavuta tena, na nguo ikapanda tena, miguu yake myembamba ikaonekana yote na soksi zake.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona miguu."

Mwanawe alicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa na bastola ndogo, ile ya silinda inayozunguka, ya kukaa kiunoni bila mtu kujua. Kibali alikuwa nacho, cha miaka mingi, kwa sababu ya dhahabu anayoipeleka dukani asubuhi na kuirudisha. Fundi cherehani alikuwa amemtoboa mfuko wa kanzu ili mkono upite mpaka kwenye ala ya ngozi iliyofungwa mkanda wa ndani. Mpini ulikuwa wa mpira. Mpira unashika mkono vizuri, lakini unashika na nguo vilevile. Ukiuvuta, unakuja na kanzu.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa mkono wenyewe. Alianguka bafuni akavunja kifundo cha mkono wa kulia, na ulipounga, vidole viwili vya mwisho vikabaki vigumu. Bastola ndogo ina mpini mfupi, hata mtu mzima wa mikono kidole chake cha mwisho hubaki kinaning'inia hewani. Na kwa kuwa ni nyepesi, hupiga teke kali. Mzee akipiga risasi moja inageuka mkononi kama samaki, lazima airekebishe kwa mkono wa pili ndipo apige nyingine.

Mwanawe akaweka simu chini. "Ami, mimi na baba tumekubaliana. Twende uwanja wa shabaha, apige silinda nzima bila kuirekebisha, na risasi zote ziingie kwenye karatasi. Akiweza, halas, basi, sitasema tena. Asipoweza, bastola inarudishwa kwa wanaotoa vibali, na dukani nakwenda mimi. Yeye anakaa nyumbani."

"Anakaa nyumbani kufanya nini?" mzee akauliza.

"Kupumzika, baba."

"Kupumzika," mzee akasema, akanitazama mimi kama kwamba mimi ndiye niliyelisema.

Nikamwambia masharti yangu. Bastola haitoki nyumba ile. Mimi ni mtu wa ikama, sitabeba hata skurubu yake. Nitachukua vipimo, nitachonga Jeddah, nitarudi na mashavu mawili ya mbao tu, ya kubana chuma cha mpini huku na huku, na mtu wa basi akiyaona atadhani ni vipande vya birika. Halafu nikamwambia atoe risasi.

"Nimeshatoa."

"Zitoe mbele yangu."

Akafungua silinda, akaniona sitanii, akaigeuza kichwa chini. Nikachora umbo la chuma kwenye kadi ya boksi la chai. Kisha nikaomba unga, kwa sababu mkono hauchorwi kwenye kadi. Unga uliokandwa na chumvi nyingi, mtu anaufinya kama anavyoshika bastola, unaanikwa, unakuwa mgumu, na kila kidole kimeacha mahali pake. Nilimwona mzee mmoja wa Hijazi akifanya hivyo kwa mipini ya jambia nikiwa kijana, nikauchukua ujuzi wake bila kumwomba.

Yule dada wa Kikenya alikuja na donge kwenye sinia. "Mzee, hii si ya chapati?"

"Si ya chapati."

"Na chumvi yote hiyo? Basi sawa, nilikuwa naogopa ni chakula ya mtu."

Ilikuwa adhana ya alasiri. Nikatoka kutawadha, na niliporudi mzee alikuwa ameshafinya. Donge lilikuwa zuri, vidole vyote vinne vimeingia sawasawa. Nikalianika juu ya hita, nikalifunga kwenye shuka, nikapanda basi.

Nilichonga kwa mkunazi. Ni mti mgumu, mzito, unakubali kung'aa bila rangi. Niliufanya mpini mrefu kidogo kupita chuma, ili kila kidole cha chini ya kifyatulio kipate kitanda chake. Nyuma ya ule upete wa chuma unaozunguka kifyatulio kuna pengo. Hapo ndipo kidole cha kati hugongwa kila bastola inapopiga teke. Nikalijaza. Upande wa kiganja nikauacha na tumbo. Shavu la kushoto nikalipunguza juu, maana maganda ya risasi yasipopata njia ya kutoka, mpini mzuri ni wa kupambia kabati.

Nikiwa katikati ya kazi ile, mwanawe akaja Jeddah kwa shughuli zake, akaniulizia Kandara mpaka akanipata. Alisimama mlangoni anaangalia pa kuweka mguu, vumbi la mbao lilikuwa kote.

"Ami, nimekuja na neno la siri."

"Hapa hakuna siri, mlango hauna komeo. Sema."

Akakaa juu ya gogo. "Ufanye uteleze. Kidogo tu. Aende uwanjani, imshinde, arudi nyumbani. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Ami, nisikilize. Baba anabeba dhahabu kwa mkono mbovu. Akikutana na wahuni wawili, asipokuwa na bastola atawapa mkoba na atarudi nyumbani. Akiwa nayo atataka kuitoa. Wewe unamjua. Ataitoa, na watamwua."

Sikumwona mjinga. Maneno yake yalikuwa maneno ya maana, na alikuwa na uso wa mtu asiyelala.

"Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia," nikasema.

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Mimi siwezi kumwambia kwa mbao."

"Kwani wewe mpini mmoja unakupunguzia nini?"

"Ukienda kwa daktari, utamwomba aunge mkono wa baba yako vibaya ili asitoke nyumbani?"

"Si sawa na hivyo."

"Kwako si sawa. Kwangu ni sawa. Yalla, ondoka, una shughuli zako."

Aliondoka anafuta viatu kwa leso, vumbi limebaki kwenye suruali. Sikumpigia mzee simu kumweleza. Hakuniajiri nimchunge mtoto wake.

Nilirudi Riyadh kabla baridi haijaisha, nikayafunga mashavu yale kwa skurubu yake ya zamani. Mpini ulikaa. Mzee akatia mkono mfukoni, akavuta, kanzu ya sufu haikusogea. Akaishika, akaielekeza ukutani, akaigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo bastola," akasema. "Hii ni ya mtu."

Uwanja wa shabaha wakati ule ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, wakaahirisha jaribio. Nikala, nikalala, nikarudi kwangu nikiwa na moyo mzuri.

Joto likaingia. Simu ikalia, ni mzee.

"Njoo uchukue gogo lako."

"Gogo gani?"

"Ulilonifunga kiunoni. Nimevaa kanzu nyeupe, nimekaa dukani, mama mmoja mteja wangu wa miaka kaniangalia hapa ubavuni, kanipa pole ya ngiri. Ngiri! Mbele ya watu. Kaniambia mumewe naye alikuwa nayo, akapasuliwa, sasa hajambo."

Nilicheka. Nilijua si mahali pa kucheka, lakini ilinitoka. Akakata simu.

Kosa lilikuwa hili. Jeddah hakuna baridi ya maana. Kanzu yetu ni ileile nyeupe, nyepesi, mwaka mzima. Nilipomkuta na sufu nzito, nilichukulia kwamba watu wa Riyadh ndivyo wanavyovaa, nikapima unene wa mpini kwa nguo ile. Yeye aliyeishi Riyadh miaka yote hii hakukumbuka kwamba kuna kiangazi, alikuwa anaufikiria mkono tu. Kwenye kanzu ya kiangazi, iliyopigwa pasi na wanga, tumbo la mpini na urefu wake vilijichora nje.

Nikapanda basi na zana zangu zote safari hii, na vipande vya mkunazi vya akiba. Nilipoingia majilisini hakunipa kiti. Mwanawe alikuwepo, na yule dada wa Kikenya alikuwa anapanga vikombe.

"Nakuuliza mbele yake," mzee akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Huyu alikuja kwako Jeddah? Dereva wake kaniambia alifika Kandara. Kandara ana nini yeye?"

"Alikuja."

"Akataka nini?"

"Akataka niuharibu mpini."

Kijana akainamisha kichwa. Dada yule akaacha vikombe, akabaki amesimama.

"Na wewe ukaharibu," mzee akasema. "Amekununua."

"Mimi sinunuliwi na mtu anayefuta viatu kwa leso. Ningeuharibu, bastola ingekuteleza mkononi siku ile ile. Je, ilikuteleza?"

Akaigusa bastola kiunoni.

"Nauliza, ilikuteleza?"

"Haikuteleza. Imeniaibisha."

"Imegombana na kanzu. Na kanzu ile ya sufu nani aliivaa siku ya kupima, mimi?"

"Baba," kijana akaanza, "mimi niliogopa..."

"Wewe nyamaza. Utaogopa baadaye."

Nikaomba bastola, nikamwambia atoe risasi, akazitoa bila kuambiwa mara mbili. Nikaomba aishike. Hapo ndipo niliona kitu ambacho baridi ile sikukiona, kwa sababu nilikuwa natazama mbao badala ya mkono. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelala kwenye vitanda nilivyovichongea, vimelala tu. Havikubana kitu. Nikapitisha karatasi ya sigara chini yake, ikapita, ikatoka upande wa pili.

"Unga ule ulifinya vipi?" nikamwuliza.

"Kwa mkono wangu."

Dada wa Kikenya akakohoa. "Baba, si ulisaidia na ule mkono mwingine? Mi nilikuwa hapa. Ulishika hivi, halafu ule wa kushoto ukakuja juu, ukafinya hizi mbili."

Mzee akamgeukia. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna, baba. Nimesema tu."

"Mwache," nikasema. "Dada, tuletee unga mwingine."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

Alileta. Safari hii sikwenda kutawadha. Nikaukalia mkono wake wa kushoto, namaanisha nilimwambia auweke chini ya paja lake, naye akauweka kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya bakora. Akafinya donge kwa mkono wa kulia peke yake. Alifinya mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Alipofungua, kulikuwa na alama ya kiganja, alama ya kidole gumba, ya cha shahada iliyokwenda mbele, na shimo refu la kidole cha kati. Chini yake unga ulikuwa laini kama ulivyotoka jikoni.

Akaligeuza huku na huku.

"Huu ndio mkono wangu?"

"Huu ndio."

Mwanawe aliangalia zulia. Nadhani angekuwa na pa kwenda angekwenda. Mzee akaliweka donge kwenye sinia polepole, akajifuta unga kwenye magoti.

"Basi chonga kwa huu," akasema.

Nilichonga kwenye ua wa nyuma, chini ya kivuli cha kiyoyozi kinachodondosha maji, na kila siku yule dada alinitolea chai ya maziwa bila kuombwa, akanieleza habari za kwao na za wanawe, na mimi nikamsikiliza bila kuacha tupa. Kazi ilikuwa nyepesi nilipoielewa. Vidole ambavyo havibani havihitaji kitanda. Nikaukata mpini mfupi sawasawa na chuma chake, vidole viwili vikae chini yake vimekunjwa, visaidie kama tako la kuegemea. Tumbo la kiganja nikaliondoa chini, nikaliacha kidogo juu, pale penye nyama ya mzizi wa kidole gumba. Pengo la nyuma ya upete nikalijaza zaidi kuliko mara ya kwanza, nikalifanya pana, maana kidole cha kati sasa ndicho kilichobeba mzigo wote. Nikamfundisha kushika juu kabisa, mpaka ngozi kati ya gumba na shahada iguse pale chuma kinapojipinda, teke liende moja kwa moja mpaka kiwikoni, lisipandishe mdomo wa bastola juu. Ubavu unaogusa nguo nikaupiga msasa mpaka ukawa kama kete ya bao. Mbele, chini ya vidole, nikakwaruza vijistari vya msalaba kwa ncha ya kisu.

Alivaa kanzu nyeupe, akatembea majilisini kwenda na kurudi. Nikamwita yule dada.

"Unaona nini?"

Akamzunguka mzee kama anayenunua mbuzi. "Naona baba."

"Ubavuni?"

"Ubavuni ni baba tu."

Tulikwenda uwanjani sote watatu, kijana ndiye anayeendesha. Mimi sikuruhusiwa kupita mstari, nikakaa nyuma ya kioo na kofia za masikio za kuzuia mlio. Mzee alisimama kwa kanzu yake, msimamizi wa uwanja ubavuni mwake. Alinyanyua mkono. Akalenga. Akapiga. Nilitazama mkono tu, karatasi haikunihusu. Bastola ilipanda kidogo, ikarudi palepale. Akapiga tena, ikarudi palepale. Kati ya risasi na risasi alikaa sana, kidole chake cha shahada kilikuwa kinatafuta nguvu, na kijana aliyesimama karibu yangu alikuwa anapumua kwa mdomo. Mkono wa kushoto ulibaki mgongoni. Ya mwisho ilichelewa kuliko zote. Ikatoka.

Karatasi ililetwa. Matundu yalikuwa yametawanyika, moja lilikuwa pembeni kabisa, limekata ukingo. Kijana aliilaza kwenye meza, akaliangalia lile la pembeni, akalishika kwa ukucha. Msimamizi akasema limo. Kijana angesema halimo, baba yake angerudi nyumbani na hakuna ambaye angebishana. Kijana akaikunja karatasi, akampa baba yake.

"Limo," akasema.

Mzee hakusema ahsante kwangu wala kwake. Aliingia garini, akakaa mbele, akafunga mkanda.

Tulimshusha dukani, ndipo kijana akanipeleka kwenye stendi ya mabasi. Njia nzima hakuwasha redio. Tulipofika akazima gari.

"Sasa atakwenda dukani mpaka siku atakapouawa," akasema.

"Au mpaka achoke."

"Hachoki. Unamjua." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Ikitokea, ami, nitakukumbuka wewe."

"Nikumbuke. Lakini pale mezani ungeweza kusema halimo."

Akachomoa ufunguo. Nikatoa mfuko wangu wa zana kiti cha nyuma, akashuka kunisaidia, nikamwambia si mzito.

Mzee alikwenda dukani kiangazi kile chote, na baridi iliyofuata. Nimesikia kijana siku hizi humpeleka mwenyewe asubuhi na kumfuata jioni, hukaa naye kaunta, na hugombana naye kila siku juu ya bei. Bastola bado iko kiunoni. Mzee hajanipigia simu, na mimi sijampigia.